Nina pumu na koo liliota jipu: je, dawa ya kuvuta ndiyo iliyoniponza?

SWALI

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31 na nimeishi na pumu tangu utotoni. Natumia inhela mbili: ile ya buluu ya salbutamoli ninapobanwa, na ile ya kahawia ya beklometasoni asubuhi na jioni, ambayo niliambiwa kuwa ndiyo ya kuzuia. Kwa miaka ya karibuni kifua changu kilikuwa kimetulia. Kinachonisumbua ni pua, ambayo huziba karibu wakati wote, kiasi kwamba hata chakula kikiungua jikoni mimi huambiwa na wenzangu.

Miezi michache iliyopita nilianza kuumwa koo, nikadhani ni mafua yanayopita. Baadaye maumivu yalihamia upande wa kulia, yakapanda hadi sikioni, na hatimaye nikawa siwezi kumeza mate yangu wala kufungua kinywa kiasi cha kuingiza kijiko. Sauti ilibadilika ikawa kama ya mtu anayezungumza huku ana tonge mdomoni. Usiku pumzi ikawa nzito, na kwa kuwa nina pumu, nyumbani sote tuliamini kwamba ni pumu imeamka. Nilivuta ile ya buluu tena na tena, lakini sikupata nafuu yoyote zaidi ya moyo kwenda mbio.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeuziwa kwenye duka la dawa vidonge vya diklofenaki vya kupunguza maumivu, pamoja na antibiotiki za siku tatu. Nilipomeza kidonge cha kwanza cha diklofenaki, haukupita muda mrefu kifua kikabana na kupiga mluzi. Hiyo mara salbutamoli ilinisaidia, kwa hiyo sikulitilia maanani.

Hospitalini daktari wa masikio, pua na koo aliniangalia kwa taa, akasema kuna jipu kando ya tonsili. Alilitoboa kwa sindano na kuvuta usaha, na jioni ile ile niliweza kunywa maji. Nililazwa, nikapewa dawa za mshipani, kisha nikaruhusiwa.

Mama mkubwa, ambaye ndiye aliyeniuguza, ana hakika kwamba ile inhela ya kahawia inaua kinga ya koo, kwa sababu hata kabla ya jipu nilikuwa nikipata utando mweupe mdomoni na sauti kukauka. Alinishauri niiache, nami nimeiacha tangu nitoke hospitali. Sasa naamka usiku kwa kikohozi, na tangu juzi koo linawasha tena pande zote mbili, huku nikitokwa na makamasi. Naogopa jipu linarudi.

Je, pumu ndiyo inayoleta majipu ya koo? Je, nirudie inhela ya kahawia au niachane nayo? Nitajuaje kwamba ninayokosa ni hewa ya koo na si ya kifua? Na je, niombe nikatwe tonsili ili nimalizane na jambo hili?

Msomaji mwenye hofu

JIBU

Marahaba, binti yangu, na pole kwa yaliyokupata.

Nianze na lisiloweza kusubiri. Rudia inhela ya kahawia leo, kwa kipimo kile kile ulichoandikiwa, na umwone daktari anayekutibu pumu ndani ya wiki hii hata kama kikohozi kitapungua. Kuamka usiku kwa kikohozi kunaonyesha kwamba njia za hewa zimeanza kuvimba tena, na umeikosa dawa hii katika wakati ambao unaihitaji kuliko wakati mwingine wowote, kwa kuwa virusi vya mafua ndivyo kichocheo cha kawaida kabisa cha shambulio la pumu. Miongozo ya kimataifa ya kutibu pumu iitwayo GINA, ambayo madaktari wa nchi nyingi huifuata, tangu mwaka 2019 imeacha kupendekeza kwamba mtu mzima au kijana mwenye pumu ategemee inhela ya nafuu, yaani ile ya buluu ya kufungua kifua, peke yake. Ile ya buluu hulegeza misuli ya mirija ya hewa kwa saa chache tu, na uvimbe ulio ndani ya mirija hauugusi.

Kuhusu koo lako la sasa, maelezo uliyotoa yanaelekea zaidi kwenye virusi kuliko kwenye jipu. Linawasha pande zote mbili, una makamasi na una kikohozi, na hivyo ndivyo koo la virusi linavyojitambulisha. Koo lenye bakteria aina ya streptokoki, kwa kawaida, huja na homa, tonsili zenye madoa ya usaha, na tezi za mbele ya shingo zinazouma zikiguswa, huku kikohozi kikiwa hakipo. Kati ya watu wazima wanaoumwa koo, bakteria hao huhusika kwa takriban asilimia 5 hadi 15 tu. Kwa watoto ni kama asilimia 20 hadi 30. Kwa hiyo usiende kununua antibiotiki kwa sababu ya hofu pekee. Hata hivyo, kwa kuwa umeshawahi kuota jipu, usisubiri ikiwa maumivu yatahamia upande mmoja, au kinywa kikaanza kukataa kufunguka, au homa ikapanda baada ya siku ulizotarajia nafuu.

Sasa tulijadili jipu lenyewe. Kando ya kila tonsili, kati yake na misuli ya ukuta wa koo, kuna nafasi finyu ambayo kwa kawaida haina kitu. Maambukizi ya tonsili au ya vitezi vidogo vilivyo juu yake yakipenya hadi hapo, usaha hujikusanya na kuisukuma tonsili kuelekea katikati, na kimeo, yaani kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, husukumwa upande wa pili. Misuli ya kutafuna iliyo jirani hukakamaa, na ndiyo maana ulishindwa kufungua kinywa. Maumivu ya sikio hayakutokana na ugonjwa wa sikio, kwa sababu koo na sikio hushiriki mishipa ya fahamu. Mara nyingi usaha huo huwa na mchanganyiko wa streptokoki na bakteria wengine wanaoishi pasipo hewa, na jipu likishakomaa, vidonge peke yake havitoshi: usaha unapaswa kutolewa kwa sindano au kwa kupasua kidogo, kisha antibiotiki zimalizie kazi. Nafuu uliyoipata jioni ile ile ilitokana na usaha kutoka.

Je, pumu ndiyo iliyoleta jipu? Pumu haizalishi usaha, na wengi wanaoota jipu la aina hii ni vijana na watu wazima wasio na pumu kabisa; uvutaji wa sigara ni kichangizi kinachojulikana zaidi. Lakini siwezi kusema kwamba hakuna uhusiano wowote. Watu wenye pumu huonekana kupata baadhi ya maambukizi ya bakteria kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Utafiti uliofanyika katika jimbo la Tennessee, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2005, ulikuta kwamba hatari ya kupata maambukizi makali ya nyumokoki, bakteria wanaoleta nimonia, ilikuwa zaidi ya maradufu kwa wenye pumu. Hao si bakteria wakuu wa jipu la koo, na kwa hiyo sitautumia utafiti huo kueleza jipu lako, ila unatosha kukufanya umuulize daktari wako kuhusu chanjo ya nyumokoki na ile ya mafua ya kila mwaka. Tena mtu mwenye pua iliyoziba hupumua kwa mdomo usiku kucha, na kinywa kikavu huwa na ulinzi mdogo dhidi ya vijidudu.

Mama mkubwa naye hakukosea kabisa, na nakuomba umpelekee sehemu hii ya jibu kwa heshima. Beklometasoni ni dawa ya jamii ya steroidi, yaani dawa zinazotuliza uvimbe. Ukiivuta moja kwa moja kutoka kwenye inhela bila chombo cha kati, sehemu kubwa ya kila mpulizo haifiki mapafuni bali hutua ulimini, kooni na kwenye nyuzi za sauti, ambako hupunguza kinga ya pale pale. Utando mweupe uliokuwa ukiupata ni fangasi aina ya kandida, na sauti kukauka ni tokeo jingine linalofahamika sana la dawa hiyo hiyo. Pia wapo watafiti walioona kwamba vipimo vikubwa vya steroidi za kuvuta huambatana na kuumwa koo mara nyingi zaidi. Alichokosea mama mkubwa ni dawa ya tatizo hilo. Kinachopaswa kuondolewa ni ile sehemu ya dawa inayobaki kooni, na hilo linawezekana bila kuyanyima mapafu haki yake.

Omba upatiwe spesa, yaani chupa ya plastiki inayounganishwa na inhela, kwa sababu matone makubwa ya dawa huishia ndani yake badala ya kooni mwako. Tikisa inhela, toa pumzi yote, bonyeza mara moja, vuta taratibu na kwa kina, kisha zuia pumzi kama sekunde 10 ukiweza. Subiri kidogo kabla ya mpulizo wa pili. Mara tu unapomaliza, sukutua kinywa na koo kwa maji, kichwa kikiwa kimeinuliwa nyuma ili maji yafike kooni, kisha uyateme bila kuyameza. Wengi husukutua mdomo wa mbele tu, na koo ambalo ndilo lenye shida hubaki vile vile. Njia rahisi ya kutosahau ni kuvuta dawa kabla ya kupiga mswaki, asubuhi na usiku. Spesa ioshwe kwa maji yenye sabuni na iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa kwa kitambaa, kwa maana kufuta huiachia chaji ya umeme inayonasa dawa ukutani. Kama inhela yako ni ya unga, spesa haitumiki, ila kusukutua kunabaki pale pale. Na utando mweupe ukiendelea kurudi hata baada ya kufanya haya yote, zaidi ya kutibiwa kwa nistatini au dawa nyingine ya fangasi, pima sukari ya damu na VVU, kwa sababu si haki kuilaumu inhela kwa kila fangasi wa kinywa.

Swali lako kuhusu hewa ya koo na hewa ya kifua ndilo ninalolipa uzito kuliko mengine yote, kwa maana hapo ndipo mtu mwenye pumu anapoweza kupoteza maisha huku ameshika inhela mkononi. Pumu hubana mirija midogo iliyo ndani kabisa ya mapafu, na tabu yake kubwa iko kwenye kutoa pumzi; mluzi wake husikika zaidi wakati hewa inatoka, na mgonjwa huhisi kifua kimefungwa. Jipu, au uvimbe mwingine wowote wa koo, hubana juu, kabla hewa haijaingia kifuani. Tabu yake iko kwenye kuvuta, na ikifikia hatua mbaya husikika sauti kali ya kukwaruza kila mtu anapoingiza pumzi. Salbutamoli haina kazi ya kufanya hapo, kwa kuwa usaha na uvimbe si misuli iliyokaza. Ndiyo maana usiku ule ulivuta na kuvuta, na kilichobadilika kikawa ni mapigo ya moyo tu.

Kwa hiyo jiulize maswali matatu ya haraka: je, naweza kumeza mate yangu, je, kinywa kinafunguka, je, sauti yangu ni ile ile? Shambulio la pumu, hata likiwa kali, halimfanyi mtu atokwe na udenda wala halifungi taya. Ukipata jibu baya kwa lolote kati ya hayo huku pumzi ikiwa nzito, nenda hospitali yenye uwezo wa dharura mara moja, ukiwa umekaa wima au umeinama mbele kidogo. Usijilazimishe kulala chali, na usimruhusu mtu kukukandamiza ulimi kwa kijiko ili atazame kilichomo. Shingo iliyokakamaa au kuvimba, na midomo inayogeuka rangi ya bluu au kijivu, zina uzito huo huo. Ukweli ni kwamba hali hizi mbili zinaweza kukukuta kwa pamoja, kwa sababu maambukizi ya koo yanaweza kuiamsha pumu pia. Basi usipoteze muda kutafuta ni ipi. Inhela ya nafuu isiyoleta nafuu ni sababu tosha ya kwenda hospitali, tatizo liwe juu au chini.

Kwa wasomaji wenye watoto walio na pumu, niongeze hili kwa ufupi. Kwa watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka 5, jipu huweza kuota nyuma ya koo, mahali ambapo halionekani hata kwa taa. Mtoto hukataa kula, hutokwa na udenda, na hukataa kugeuza au kuinua shingo. Mtoto wa namna hiyo hahitaji mpulizo wa ziada nyumbani, anahitaji kuonwa na daktari siku hiyo hiyo.

Nirudi kwako, kwenye jambo uliloliandika kana kwamba halina uzito. Umesema diklofenaki ilikubana kifua, na umesema pua yako huziba daima na haisikii harufu. Mimi nimeyasoma mambo hayo mawili kama jambo moja. Takriban watu wazima 7 katika kila 100 wenye pumu wana aina ambayo huchokozwa na aspirini na dawa za jamii yake, zikiwemo diklofenaki, ibuprofeni, naproksini na indometasini, na wengi wao wana vinyama laini puani vinavyoziba njia na kuua uwezo wa kunusa. Daktari Mfaransa Fernand Widal na wenzake waliieleza hali hii tangu mwaka 1922, na bado watu huendelea kuuziwa dawa hizo bila kuulizwa kama wana pumu. Mara nyingi kifua hubana kati ya nusu saa na saa tatu baada ya kumeza, na kwa baadhi ya wagonjwa shambulio huwa la kutisha. Mpaka utakapochunguzwa, usimeze dawa yoyote ya jamii hiyo, na soma maandishi ya dawa za mafua zilizochanganywa, kwa kuwa nyingine zina aspirini au ibuprofeni ndani yake. Kwa maumivu ya koo tumia parasetamoli, ukianza na miligramu 500, kwa maana wachache wenye tatizo hili hubanwa kidogo na vipimo vya gramu 1 au zaidi. Na kwa vyovyote mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku. Daktari yule yule wa masikio, pua na koo aliyelitoboa jipu ndiye wa kuangalia ndani ya pua.

Zile antibiotiki za siku tatu zilikuwa pungufu, na hata zingekuwa nyingi zisingeuondoa usaha uliokwisha kukusanyika. Koo la streptokoki likithibitishwa, penisilini humezwa kwa kawaida siku 10. Baada ya jipu kutolewa usaha, matibabu huendelea kwa siku 10 hadi 14. Kama umewahi kuandikiwa pia vidonge vya theofilini au aminofilini kwa ajili ya pumu, mwambie hivyo kila anayekuandikia antibiotiki, kwani erithromisini na siprofloksasini huweza kupandisha kiwango cha dawa hiyo katika damu hadi ikawa sumu. Usimeze vidonge vya prednisoloni, ambayo nayo ni steroidi, ulivyobakiza nyumbani ili kutuliza koo. Hospitalini madaktari huweza kutoa dozi moja ya steroidi baada ya jipu kupasuliwa, na hupunguza maumivu kweli, lakini nyumbani vidonge hivyo hushusha homa na kuficha maumivu wakati usaha unaendelea kujaa. Kuna jambo moja la nadra ambalo ni vizuri ulifahamu: mtu aliyeumwa koo, akaonekana kupona, kisha akaanza kutetemeka kwa homa na kuumwa upande mmoja wa shingo, huenda ana maambukizi yaliyoingia kwenye mshipa mkubwa wa damu wa shingoni, ugonjwa unaoitwa kwa jina la André Lemierre aliyeueleza mwaka 1936. Hatibiwi nyumbani.

Limebaki suala la kukata tonsili. Kwa jipu moja, mimi nisingekuharakisha. Wengi hawaoti tena. Ni kama watu 10 hadi 15 kati ya 100 wanaorudiwa. Upasuaji hupata nguvu ya hoja ukiota jipu la pili, au ukiwa na historia ya mafindofindo ya mara kwa mara, ambayo madaktari wengi huipima kwa mara 7 ndani ya mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka miwili mfululizo, au mara 3 kila mwaka kwa miaka mitatu. Barua yako haielezi historia ya namna hiyo. Pumu haikuzuii kufanyiwa upasuaji, ila kifua kinapaswa kuwa kimetulia kwanza, jambo ambalo kwa sasa huna.

Siku ukikubaliana na daktari kwamba zikatwe, mweleze yeye na mtaalamu wa ganzi kuhusu pumu yako na kuhusu vidonge vyovyote vya steroidi ulivyomeza katika mwaka uliopita, na uende na inhela zako zote mbili pamoja na spesa. Mweleze pia habari ya diklofenaki bila kungoja kuulizwa, na uhakikishe imeandikwa kwenye faili lako, kwa maana maumivu ya baada ya kukatwa tonsili ni makali na dawa ambayo wodi nyingi huikimbilia ni ibuprofeni au diklofenaki hiyo hiyo.